Motokari Isiyomsikia Shofere

Tairi lililokwisha laonekana na kila mtu, hata mtoto wa shule apitaye njiani. Breki mbovu nazo humtia shofere hofu mara ashukapo mlima mmoja. Lakini kuna ubovu mwingine ambao hukua kimya kimya chini ya miguu ya abiria, nao ni ubovu wa vyuma viunganishavyo volani na magurudumu ya mbele. Juu ya huo twataka kuzungumza leo na wenye motokari, na mashofere, na vilevile na ninyi wasomaji mnaopanda tu.

Shofere azungushapo volani, fimbo ya chuma huzunguka pamoja nayo mpaka kwenye sanduku la meno. Sanduku hilo husukuma vyuma virefu vilivyolala kati ya magurudumu, navyo huyageuza yote mawili pamoja. Kila mahali chuma kimoja kikutanapo na kingine pana kiungo, mfano wa nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe. Mafundi wetu hukiita rotuli, neno la Kifaransa ambalo lataja pia pia ya goti, na kweli motokari yenye rotuli mbovu hutembea kama mzee mwenye goti bovu. Ndani ya kikombe mna grisi, na nje pana kifuko cha mpira kizuiacho vumbi na maji. Kifuko hicho kikipasuka, grisi hutoka, vumbi la kiangazi na matope ya mvua huingia, na chuma chasagika. Kikombe chapanuka, kichwa chapungua, na kati yao pana nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo adui. Mwanzoni shofere huzungusha volani upana wa kidole kimoja zaidi ya desturi; baada ya miezi michache ni vidole viwili. Motokari yaanza kuyumba kwenye njia iliyonyoka, naye huirudisha bila kufikiri, kushoto kidogo, kuume kidogo, mchana kutwa. Mkono wake umekwisha kuuzoea ubovu. Ukimwuliza, atajibu kwa moyo mweupe: “Kamyo yangu nzima, naijua.” Wala hasemi uongo. Mpe shofere mwingine volani hiyohiyo, naye atataka kusimama upesi. Kwa sababu hiyo twasema kwamba katika jambo hili ustadi haumlindi mtu. Pengine wamficha hatari, maana shofere stadi hustahimili ubovu muda mrefu kuliko mwanafunzi.

Sasa tufikiri njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa upande wa Congo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo hushukwa katika kona za Ngomo, baada ya Nyangezi, mpaka uwanda wa Ruzizi huko Kamanyola. Mahali kama pale uzito wa mzigo waelemea mbele, kila shimo hupiga rotuli kama nyundo, na kila kona yamtaka shofere ageuze volani sana. Basi rotuli iliyokwisha mara nyingi haichomoki kamyo ikiwa imetulia katika gereji; huchomoka pale. Gurudumu moja hufuata volani, jingine hufuata njia yake lenyewe. Shofere akikanyaga breki kwa nguvu, gurudumu lililoachwa laweza kugeuka upande kabisa na kuivuta kamyo nzima.

Kumbe, kupima si kazi kubwa. Kamyo isimame mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Mtu mmoja azungushe volani polepole, mwenzake atazame ni wakati gani gurudumu lianzapo kutikisika. Kama volani yasaidiwa na mafuta, injini iwashwe, na mtazamaji akae kando, si chini ya kamyo. Huko Marekani, wanaojifunza kuendesha malori hufundishwa kwamba volani yenye upana wa inchi 20 isizunguke bure zaidi ya digrii 10, yaani karibu sentimeta 5 pembeni. Motokari ndogo yapasa kupungua hapo. Kisha, injini ikiwa imezimwa, fundi aweke kiganja juu ya kila kiungo wakati volani ikitikiswa: mkono husikia mgongano ambao jicho halioni. Atazame pia tairi za mbele kama zaliwa upande mmoja, na ile pini ndogo izuiayo nati ya rotuli isifunguke. Mara nyingi badala ya pini utakuta msumari. Tena mtu yeyote asiingie chini ya motokari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake.

Kuna mafundi wanaosukuma kipande cha mpira ndani ya kikombe, au kukigonga kwa nyundo, au kukichomea kwa moto. Kelele hukoma kweli, na hilo ndilo baya lake, kwa kuwa nafasi imebaki na onyo limeondoka. Tena moto huharibu ugumu wa chuma. Rotuli iliyokwisha hubadilishwa, kisha magurudumu hunyoshwa upya.

Hatuwalaumu mashofere peke yao. Wengi huogopa kusema, wasije wakanyang'anywa kazi. Mwenye kamyo ndiye ashikaye fedha, naye hulala nyumbani wakati mwenzake ashukapo Ngomo na watu juu ya magunia. Mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali hizo.

Nanyi abiria, itazameni mikono ya shofere. Ikiwa njia imenyoka na mikono haitulii, ngojeni kituo, mkamwambie kwa heshima: “Bwana shofere, volani yako yacheza.” Akijibu kwamba ndiyo tabia ya kamyo yake, mwombeni aizungushe kidogo hapo hapo kamyo imesimama, nanyi mtazame gurudumu.