Je, Wajua? Mgeni ana nafasi yake ibadani

Je, wajua kwamba katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, kukaribisha wageni ni sehemu ya ibada? Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa huwaomba wasimame. Ukipewa kipaza sauti, anza na “Bwana Yesu asifiwe!” Waumini wataitikia “Amen!” Taja jina lako na unakotoka, inatosha. Utapigiwa makofi, na pengine kuimbiwa. Kama ni mwenye haya, baki umeketi; hakuna atakayekulazimisha.

Huna kitabu cha nyimbo? Jirani atakusogezea Mwimbieni Bwana yake, kidole kikiwa kwenye namba ya wimbo. Sadaka hutolewa kwa kwenda mbele, benchi baada ya benchi, na mgeni hadaiwi kitu. Kwenye Chakula cha Bwana, kama hujabatizwa au hujapata kipaimara, kaa tu kwa amani.

Ila usiondoke mara baada ya baraka! Huko nje mara nyingi kuna mnada wa sadaka za mazao: kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, mkungu wa ndizi. Bei hupanda kwa vicheko, na wapo wanaonunua kisha wakamzawadia mgeni. Kwangu mimi, hapo ndipo ukarimu wa usharika unapoonekana wazi zaidi.

Jumapili hii fika mapema kidogo, umwambie mzee wa zamu mlangoni kwamba ni mara yako ya kwanza. Atakutafutia pa kukaa.