Je, Wajua? Swali Moja, Majibu 20
Kuna kipimo cha saikolojia chenye swali moja tu: "Mimi ni nani?" Watafiti Manford Kuhn na Thomas McPartland walikitoa Marekani mwaka 1954: unaandika majibu 20, basi. Mwaka 1997 watafiti Vaunne Ma na Thomas Schoeneman walichapisha majibu ya Wakenya kwa swali hilo. Wamaasai na Wasamburu walijitaja zaidi kwa ukoo na nafasi yao katika jamii. Wanafunzi wa chuo kikuu, kwa tabia zao binafsi, karibu sawa na Wamarekani! Wafanyakazi wa Nairobi walikuwa katikati.

Nawe wa Kihoto, Naivasha, unayeitwa Mama Njeri plotini na kwa jina lako kazini kwenye shamba la maua, chukua kalamu uandike majibu yako 20. Hesabu majibu yanayomtaja mtu mwingine.