Mihadhara ya Chuo Kikuu na Umbali wa Kivaa

Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012, inapotaja malengo ya elimu ya juu, haiishii kwenye ufundishaji na utafiti, bali inaongeza kukuza elimu katika jamii kwa jumla na kustawisha maisha ya wananchi ya kitamaduni na ya kijamii. Kwa msingi huo, mhadhara wa wazi, yaani hotuba ya kitaaluma ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisikiliza bila kusajiliwa wala kufanya mtihani, si hisani ambayo chuo huwafanyia majirani zake kinapopata nafasi. Ni sehemu ya kazi yake, na ndivyo ilivyo pia kwa tamasha la muziki au mchezo wa kuigiza usiotozwa kiingilio. Linalobaki ni kuuliza wajibu huo unamfikiaje mkazi wa mahali kama Kivaa.

Kivaa ni wadi ya eneo bunge la Masinga, kaskazini-mashariki mwa Kaunti ya Machakos, upande wa Mto Tana, ambao ng'ambo yake ni Mbeere katika Kaunti ya Embu. Ukitazama ramani, utadhani wakazi wake wamezungukwa na usomi: Chuo Kikuu cha Machakos na Chuo Kikuu cha Embu vyote vilipewa hati ya kujitegemea mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata yake mwaka 2013, kiko Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu ambako mkulima wa Kivaa anaweza kwenda kusikiliza mhadhara wa saa mbili na kurudi bila kutoa nauli na kuacha kazi za siku nzima.

Kati ya mihadhara ya wazi, unaojulikana zaidi katika vyuo vya Kenya ni mhadhara wa uprofesa, ambapo mhadhiri aliyepandishwa cheo na kuwa profesa huvaa joho na kueleza, mbele ya Naibu Chansela na wageni, utafiti wake wa miaka mingi umefikia wapi. Upo pia mhadhara wa kumbukumbu, unaotolewa kwa heshima ya mtu fulani, na mfano wake mzuri ni Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2008 chini ya Profesa Issa Shivji, na ambacho mwaka uliofuata kilimwalika Wole Soyinka kutoka Nigeria. Ni haki kusema kwamba mihadhara mingi ya uprofesa huhudhuriwa na wahadhiri wenzake mzungumzaji pamoja na jamaa zake, tena hutolewa kwa Kiingereza, hivyo mlango huwa wazi lakini wanaoupita ni walewale.

Tatizo hilo la lugha ni la zamani. Chuo cha Gresham mjini London, kilichoanza mihadhara ya bure mwaka 1597, kilipanga somo lilelile litolewe mara mbili, kwa Kilatini kwa ajili ya wasomi na kwa Kiingereza kwa ajili ya wakazi wa mji. Huko Kivaa, ambako watu huzungumza Kikamba nyumbani, mpango wa namna hiyo ungedai mzungumzaji anayeweza kueleza taaluma yake kwa Kikamba au kwa Kiswahili chepesi, na si mkalimani wa kuokotwa dakika ya mwisho.

Kuhusu umbali, Afrika Mashariki iliwahi kuwa na jawabu. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere, kwa juhudi za mhadhiri David Cook, kilianzisha kundi la maigizo la wanafunzi lililosafiri Uganda na Kenya likionyesha michezo mifupi bila kiingilio, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na kundi lake la aina hiyo, lililoongozwa na mwandishi John Ruganda. Kabla ya hapo, mshairi Okot p'Bitek, akifanya kazi Kisumu katika idara ya masomo ya nje ya chuo hicho, yaani idara iliyopeleka masomo kwa watu wasiokuwa wanafunzi, alianzisha huko tamasha la sanaa mwaka 1968. Wote hao walielewa kwamba ni rahisi zaidi kuwapakia waigizaji ishirini kwenye gari kuliko kuwasafirisha watazamaji elfu moja.

Kamiriithu, kijiji cha Limuru, kilikwenda mbali zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyefanya kazi katika chuo hichohicho, waliandika mchezo kwa Kikuyu, na wanakijiji wakaurekebisha wakati wa mazoezi, wakiwasahihisha wasomi kuhusu nyimbo na namna wazee wanavyozungumza. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Kabla ya Novemba kwisha kibali kilikuwa kimefutwa, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Siku hizi mwandalizi wa mkutano wa hadhara hutoa taarifa kwa polisi siku tatu kabla, badala ya kuomba kibali.

Mada zenyewe hazihitaji kutafutwa mbali. Katika miaka ya 1930 taarifa za serikali ya kikoloni ziliililia Machakos kama nchi inayogeuka jangwa, lakini mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba, ingawa idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano hadi kufikia mwaka 1990, mmomonyoko wa udongo ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka. Sababu kubwa ilikuwa matuta ya fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kimo kimoja cha mteremko, hutupa udongo upande wa juu ukawa ukingo, hupanda nyasi juu yake, na kadiri misimu inavyopita udongo unaosombwa na mvua hujaa nyuma ya ukingo huo mpaka shamba likawa ngazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo vilikuwa na wanawake wengi. Kwa Kivaa, iliyo jirani na mabwawa ya Tana, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981 na ambalo hupunguzwa ujazo wake na tope linaloshuka kutoka mashambani, mhadhara juu ya jambo hilo ungekuwa na wasikilizaji wenye jembe mkononi na maswali magumu, na huenda profesa angeondoka na daftari lililojaa.

Muziki una ugumu wake. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewazoesha wanafunzi kuimba nyimbo za jadi kwa dakika chache mbele ya waamuzi, na kwaya nyingi za vyuo zimerithi mtindo huo. Kilumi, ngoma ya Wakamba ambayo wanawake wazee huwa na sauti kubwa ndani yake na ambayo hufungamana na maombi ya mvua na uponyaji, haikuumbwa kwa jukwaa la dakika chache; wacheza ngoma wa Kivaa wakiona imekatwakatwa na kuvishwa sare watakuwa na la kusema, na tamasha lililoandaliwa vizuri litawapa kipaza sauti waliseme hapohapo, kisha liwaombe waipige wenyewe. Jambo hili linahitaji bajeti, kwa kuwa wapiga ngoma nao hulipwa, na linahitaji kalenda inayokwepa Oktoba na Novemba, wakati mvua za vuli zinapoanza na Ukambani kote watu wako shambani.