Ukurasa Unaotangulia Kitabu

Je, wajua kwamba mwandishi aliyetia saini kitabu cha bei ghali huenda hajakigusa kitabu hicho hata siku moja? Katika matoleo maalumu ya riwaya za fantasia, zile za mazimwi, wachawi na falme zisizokuwapo, mara nyingi kazi huenda hivyo. Kitabu chenyewe hakijachapwa bado. Kinachofika nyumbani kwa mwandishi ni maboksi ya karatasi zisizo na kitu ila fremu na mstari. Anakaa, anatia saini karatasi moja, anaisogeza kando, anavuta nyingine. Mwandishi Brandon Sanderson wa Utah, Marekani, hutia saini maelfu ya karatasi hizo huku akizungumza na wasomaji wake mbele ya kamera; mkono ukishaizoea kazi, kichwa huwa huru kufanya mengine.

Karatasi zikikamilika hupelekwa kwa fundi wa kujalidi. Fundi huipaka karatasi gundi kwenye ukingo wa ndani, ukanda mwembamba wa milimita chache, kisha huibandika mwanzoni au mwishoni mwa kitabu. Wengine huiunganisha na kurasa nyingine ikashonwa pamoja nazo. Ukikifungua kitabu cha namna hii taratibu na kuchungulia karibu na mgongo, unaweza kuiona njia ya gundi. Mchapishaji mwenye busara huagiza karatasi za ziada, kwa kuwa wino huvuja, na kila karatasi inayoharibika ni nakala moja iliyopungua.

Kwa mkusanyaji, ukurasa huo ndio roho ya kitabu. Umeandikwa idadi ya nakala za toleo zima, nakala hii ni ya ngapi, na chini yake ipo saini ya mwandishi, pengine na ya mchoraji. Ni mkataba, ingawa hauna wakili. Hadithi yenyewe inaweza kuchapwa tena mara mia kwa karatasi duni na hakuna aliyedhulumiwa. Kilichoahidiwa ni kwamba umbo hili, lenye jalada hili na karatasi hii, halitarudiwa. Juu ya nakala zenye namba mara nyingi kuna daraja jingine, la nakala za herufi: A hadi Z, kwa hiyo 26 tu, zenye ngozi bora na kasha la kulazia kitabu. Bei ya nakala ya herufi huweza kuwa mara kadhaa ya ile ya namba, na maneno yaliyomo ni yale yale, nukta kwa nukta.

Riwaya nyingi za fantasia hazimalizwi kwa juzuu moja, na hapo ndipo desturi hii inapokolea. Aliyenunua nakala namba 217 ya juzuu ya kwanza hupewa nafasi ya kwanza kununua namba 217 ya juzuu ya pili, na ya tatu, na kuendelea. Nyumba ndogo za uchapishaji kama Subterranean Press ya Michigan, iliyoanza mwaka 1995, zimeishi na utaratibu huo. Mnunuzi akiruka juzuu moja, haki hiyo humponyoka. Ndiyo maana wapo watu wanaonunua juzuu ya saba ya mfululizo waliouchoka tangu ya nne. Namba imewashika.

Kisa kinachoeleza vizuri nguvu ya uhaba ni cha The Gunslinger, juzuu ya kwanza ya The Dark Tower ya Stephen King. Sehemu zake zilitoka kwanza katika gazeti la hadithi la The Magazine of Fantasy and Science Fiction, kuanzia mwaka 1978 hadi 1981. King, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kwa vitabu vya kutisha, hakudhani kwamba wasomaji wake wangeipenda hadithi ya mpiga bastola anayevuka jangwa la dunia iliyochakaa. Akampa Donald M. Grant, mchapishaji mdogo wa Rhode Island, aitoe mwaka 1982 pamoja na michoro ya Michael Whelan: nakala 10,000 za kawaida, na 500 zilizotiwa saini na King na Whelan.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mwaka 1983 ilitoka Pet Sematary, riwaya nyingine ya King, na katika orodha ya vitabu vyake iliyo mwanzoni jina la The Dark Tower likawekwa pamoja na mengine. Wasomaji wakaenda madukani, wakakikosa. Wakaandika barua kwa mwandishi, kwa mchapishaji wa Pet Sematary, kwa Grant, wengine kwa hasira, maana ilionekana kana kwamba kuna kitabu walichofichwa. Grant alichapa tena mwaka 1984, na bado nakala hazikutosha. Toleo la jalada laini, la bei ya mtu wa kawaida, lilifika mwaka 1988. Kwa miaka hiyo yote kitabu ambacho mwandishi mwenyewe aliona hakina soko kilikuwa kikisakwa kila kona.

Hicho angalau kilipangwa kiwe kichache. Vingine vilikuwa adimu kwa bahati tu. The Hobbit ya J. R. R. Tolkien ilitoka London mwezi Septemba 1937 kwa nakala 1,500, na kabla ya Krismasi zilikuwa zimekwisha. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter, mwaka 1997, kilichapwa nakala 500 za jalada gumu, nyingi zikaenda maktaba na kuchakazwa na watoto kama ilivyostahili. Mwezi Desemba 2021 nakala moja ya hizo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 471,000. Mwandishi wake, J. K. Rowling, aliwahi kwenda mbali kuliko saini: aliandika kwa mkono nakala saba za The Tales of Beedle the Bard, akagawa sita na kuitoa ya saba kwa mnada wa hisani mwaka 2007. Amazon iliinunua kwa pauni milioni 1.95.

Ukirudi nyuma utakuta kwamba fantasia na kitabu cha fahari vilizaliwa nyumba moja. Mwaka 1891 Mwingereza William Morris, fundi wa michoro ya nguo na karatasi za ukutani, alianzisha kiwanda cha uchapaji cha Kelmscott Press huko Hammersmith, London. Alichukizwa na vitabu vya mashine vya zama zake, vyenye karatasi mbovu na herufi nyembamba, akachora herufi zake mwenyewe na kuagiza karatasi ya kutengenezwa kwa mkono. Kitabu chake cha kwanza hapo kilikuwa The Story of the Glittering Plain, hadithi ya maajabu aliyoitunga yeye mwenyewe: nakala 200 za karatasi na sita za ngozi ya ndama. Tolkien alimsoma Morris tangu ujanani, na alichota mengi kwake.

Tolkien naye alitamani kitabu kiwe na maajabu mkononi, si katika maneno peke yake. Kwa The Lord of the Rings alitengeneza kurasa za kitabu cha mbilikimo kilichonusurika vitani: akazichoma kingo kwa kiko chake, akazipaka rangi kama damu, akatoboa matundu ya uzi pembeni. Mchapishaji alipiga hesabu ya gharama na kukataa. Riwaya ilitoka mwaka 1954 na 1955 bila kurasa hizo. Zilikuja kuingizwa katika toleo la miaka 50, mwaka 2004, miaka 31 baada ya mwandishi kufa.

Je, fedha hizo zote zinanunua nini, ukiacha saini? Kitabu cha kawaida cha jalada laini ni rundo la karatasi zilizokatwa mgongoni na kugandishwa kwa gundi. Gundi ikikauka, kurasa hunyofoka. Cha fahari, kikitengenezwa kwa haki, hukunjwa karatasi kubwa kuwa vifurushi vya kurasa, mara nyingi 16, kila kifurushi kikapitishwa uzi kwenye mkunjo. Kinalala wazi mezani bila kushikwa. Karatasi yake haina asidi na imetiwa chokaa kidogo, ili isigeuke njano na kukatika kama gazeti la zamani. Hata dhahabu kwenye ukingo wa juu ilikuwa na kazi tangu zamani: kingo zilizosuguliwa na kufungwa kwa dhahabu huzuia vumbi na unyevu kupenya. Unyevu ndio adui mkubwa kwa mkusanyaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Ukungu hustawi hewa ikipita unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na pwani yetu hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Ngozi nzuri kabatini huota manyoya ya kijani.

Kichekesho kikubwa cha vifaa ni asbesto. Mwaka 1953 wachapishaji Ballantine walijalidi nakala 200 za Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, riwaya ya kuchoma vitabu, kwa kitambaa cha asbesto kisichoshika moto, zote zikiwa na saini. Mwaka 1980 Phantasia Press wakaiga kwa Firestarter ya King, nakala 26 za herufi. Nyuzi za asbesto zikivutwa mapafuni huleta saratani. Ni vitabu vya kutazamwa kwa mbali.

Siku hizi ahadi ya uchache imelegea. Bado zipo kazi za kweli: mwaka 2022 Folio Society ya London ilitoa The Lord of the Rings ya nakala 1,000 zenye saini ya mchoraji Alan Lee, na zikaisha upesi. Sanderson alipochangisha mwaka 2020 kwa toleo la ngozi la The Way of Kings, alipata zaidi ya dola milioni 6.7; hilo si toleo la watu wachache, na hakudai kwamba ni hivyo. Kinachoniudhi ni vitabu vilivyopuliziwa rangi kwenye kingo, vikaitwa toleo lenye kikomo ilhali vinauzwa kwa marundo, na ndani yake ni gundi ile ile.

Saini nayo ina mashaka yake. Kuna mashine inayoshika kalamu na kurudia saini ya mtu. Jicho lililozoea huigundua kwa kulinganisha nakala mbili, kwa sababu mkono wa binadamu hauandiki jina sawasawa mara mbili. Ndivyo walivyonaswa wachapishaji Simon & Schuster mwezi Novemba 2022, nje kabisa ya fantasia, walipouza nakala 900 za kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan kwa dola 599 kila moja zikiwa na hati ya kuthibitisha saini ya mkono. Wanunuzi walipiga picha, wakazilinganisha mtandaoni, saini zikaoana. Dylan aliomba radhi, akieleza kwamba alikuwa na kizunguzungu na muda ulimbana. Mchapishaji alirudisha fedha, na wanunuzi wakaachiwa vitabu bure.