Diski Ipumzishwe au Izunguke?

Walimu wasimamiao maabara za tarakilishi hubishana: diski ngumu ikikosa kazi, isimamishwe au iachwe izunguke? Wapo waaminio kwamba kila pumziko huiongezea uhai. Mimi nina shaka. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, kichwa kikielea juu yake pasipo kuzigusa. Kinachoichosha zaidi ni kuanza na kusimama. Diski nyingi za zamani, ambazo kichwa chake kilitua juu ya sahani yenyewe, zilikadiriwa kustahimili mianzo 50,000. Isimamishwe mara 20 kwa siku, itamudu miaka sita na ushei. Isimamishwe kila dakika kwa saa nane, haitimizi miezi minne! Naomba muda wa kungoja urefushwe hadi nusu saa hivi. Nazo alama za muhula, mmezinakili kwingine?