Kompyuta ikiganda baada ya umeme kukatika

Usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa iliacha maeneo mengi ya nchi gizani. Umeme ukikatika ghafla hivyo, kompyuta ya stesheneri hapa Muheza huachwa katikati ya kuandika faili. Ukiiwasha, huanza kukagua diski yake, wakati mwingine kimyakimya huku unachapa kazi. Diski inaelemewa, mashine inaganda.

Msikilizaji wetu, tazama taa ndogo ya diski. Ikimetameta, subiri, hata saa nzima. Ukizima kwa nguvu huenda ukaharibu faili zaidi. Ikiganda kila siku, au diski ikigongagonga, hamishia kwanza kazi za wateja kwenye flashi, ndipo umwite fundi.

Ukijaliwa, nunua UPS: hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.