Kutoka Same hadi Namugongo kwa miguu: safari yenyewe ikoje?

Kila ifikapo Mei, barabara za kuelekea Kampala hujaa mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wanawahi Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda. Tarehe hiyo mwaka 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Kwa nini wasipande basi? Mashahidi hao walihukumiwa Munyonyo, wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, na wengine waliuawa njiani. Anayetembea anaonja kidogo safari ile. Wakatoliki huwakumbuka mashahidi 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Waanglikana nao wana mashahidi wao waliouawa katika dhuluma hiyo hiyo, na eneo lao la ibada liko hapo hapo Namugongo.

Sasa tupige hesabu ya mtu wa Same. Kupitia Moshi, Arusha, Namanga na Nairobi ni takribani kilomita 1,100. Ukitembea kilomita 25 kwa siku, unahitaji siku 44, na ukipumzika siku moja kila wiki zinafika 50 hivi. Maana yake uondoke katikati ya Aprili, masika yakiwa yameshika na mahindi yakisubiri palizi. Nani atabaki na jembe? Swali hilo limalizwe nyumbani kwanza, kabla hujamwendea paroko.

Wapare si wageni wa safari za miguu. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani hadi Same kupinga kodi ya mbiru. Lakini kushuka kutoka Usangi ni jambo moja, na wiki saba juu ya lami ni jambo jingine kabisa.

Kinachowarudisha wengi ni malengelenge. Viatu vipya ni adui, kwa hiyo vaa vilivyozoea mguu, na soksi kavu. Tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja mbele yako, na usitembee usiku. Kipande cha Same hadi Mwanga ni kikavu, beba maji. Mwenye kisukari aonane na mganga kwanza, maana kidonda kidogo cha mguu kwake si kidogo.

Mipakani utahitaji hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanja angalau siku 10 kabla ya kuondoka.